Je, Wajua? Kanuni ya Umeme Iliyozaliwa Kwenye Joto

Je, wajua kwamba kanuni ya Ohm, ile inayokaririwa na kila mwanafunzi wa fizikia, chimbuko lake ni joto? Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha hesabu za jinsi joto linavyopenya ndani ya vitu. Miaka 5 baadaye Georg Ohm, mwalimu wa Kijerumani na mwana wa fundi makufuli, akautazama umeme kwa jicho hilohilo: tofauti ya volteji ikachukua nafasi ya tofauti ya jotoridi, na mkondo nafasi ya joto linalopita. Siku hizi deni limelipwa. Mhandisi wa mitambo akitaka kujua chombo kitapoa vipi, huchora saketi yenye vikinzani. Ila ukinzani wake hupimwa kwa nyuzijoto kwa kila wati.

Tuijaribu hesabu hiyo kwenye 7805, kidude cha miguu 3 ambacho mafundi redio wanakijua vizuri. Kikishusha volti 12 hadi 5 huku kikipitisha ampea 1, zile volti 7 zinazobaki hugeuka joto: wati 7. Kisipofungiwa bamba la alumini, kila wati hukipandisha nyuzi 65 hivi. Zidisha, utapata 455! Silikoni yake kwa kawaida haitakiwi kuvuka 125. Bahati nzuri hujizima chenyewe kabla hakijafika hizo 455, na mteja hurudi kulalamika kwamba redio inazimazima. Fundi anaweza kupima nyaya zote asione kasoro, maana kilichokosekana ni bamba na skrubu yake.

Hata bamba likifungwa, hewa hubaki katikati, na shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Ile krimu nyeupe inayopakwa hapo kazi yake ni kuifukuza.

Almasi nayo ni kioja: hupitisha joto kuliko shaba, lakini umeme huuzuia.

Na mafuta ya transfoma? Yana kazi mbili: kuhami nyaya zisipige shoti, na kubeba joto hadi kwenye mapezi ya tangi. Nchini Kenya yamewahi kuibwa na kuuzwa kwa wakaanga chipsi. Transfoma iliyonyonywa hivyo hupoteza kinga na kipoozi kwa mpigo mmoja, ikaungua, na mtaa mzima ukalala giza.