Fani ya Uhandisi Huchaguliwa Kabla ya Kuonekana

Kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, anapoomba chuo kikuu nchini Tanzania haombi kusoma uhandisi kwa ujumla. Anaomba programu moja yenye jina lake: uhandisi wa ujenzi, uhandisi mitambo, uhandisi umeme, uhandisi kemikali na kadhalika. Kwa hiyo anapofika chuoni, uamuzi umekwisha kufanyika, mara nyingi kwa ushauri wa kaka, mwalimu wa fizikia, au alama za kujiunga za mwaka uliopita.

Uamuzi huo haujafungwa kabisa. Mwanzoni mwa mwaka wa kwanza hufunguliwa dirisha la uhamisho, chini ya utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na mwanafunzi anaweza kuhamia programu nyingine iwapo ana sifa zake na nafasi ipo. Kuna vyuo vinavyofuata mpangilio tofauti. Katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, wanafunzi wa uhandisi husoma mwaka wa kwanza pamoja, kisha ndipo huomba fani, na alama zao huchangia sana kuamua nani anapata nini. Kwetu dirisha ni la majuma machache tu.

Katika majuma hayo mwanafunzi anaona nini? Hisabati, uchoraji wa kihandisi, mekanika, sayansi ya vifaa. Masomo haya hufanana sana kutoka programu moja hadi nyingine, kwa sababu ndiyo msingi wa fani karibu zote. Basi anayeelemewa na mekanika akiwa kwenye ujenzi, akadhani atapumua kwenye mitambo, atalikuta somo lilelile likimsubiri, na sapu yake pia, yaani mtihani wa marudio. Alama za mwanzo zinapima kama mtu anaweza kusoma uhandisi. Hazipimi ni uhandisi upi unaomfaa.

Kinachotenganisha fani ni jambo ambalo akili hulazimika kukaa nalo kila siku. Mhandisi wa ujenzi hutafuta utulivu: daraja lisiyumbe kupita kiasi, jengo lisizame, maji yapite pale alipoyaelekeza. Kazi yake huanza na udongo, na udongo haufanani hata ndani ya kiwanja kimoja, ndiyo maana hujifunza kuamua akiwa na vipimo vichache. Mhandisi mitambo hushughulika na mwendo na joto, na humo hukutana na msuguano, uchakavu na mtetemo. Mhandisi umeme hufanya kazi na kitu asichokiona. Lazima aridhike kukifuata kwa milinganyo na vipimo, na kuna watu hodari kabisa ambao jambo hilo huwachosha. Mhandisi kemikali huuliza namna ya kufanya kwa tani kile ambacho maabara imekifanya kwa gramu.

Tuje kwenye soko, hoja inayosikika zaidi vibarazani. Shahada huchukua miaka minne. Baada yake mhitimu huhitaji uzoefu wa kazi wa takriban miaka mitatu kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamsajili kuwa mhandisi mtaalamu. Aliyeanza chuo mwaka 2025 atafikia hapo mwaka 2032 au baadaye. Gesi asilia inatufundisha kitu hapa. Ugunduzi wake kwenye kina kirefu cha bahari, ulioanza mwaka 2010, uliamsha matumaini makubwa, na programu za uhandisi wa petroli zikapata wapenzi. Mtambo wa kusindika gesi uliopangwa Lindi ulibaki mezani kwa majadiliano miaka nenda miaka rudi, huku wahitimu wakiingia mitaani.

Hata mradi unaokamilika hauajiri fani zote kwa wakati mmoja. Bwawa la umeme la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Wakati wa kumwaga zege, watu wa ujenzi ndio waliohitajika kwa wingi. Baadaye uzito ulihamia kwa wafungaji wa mitambo na jenereta. Kuendesha kituo ni kazi ya miongo, lakini huhitaji watu wachache zaidi.

Kutokana na hayo, naona upana wa fani una uzito zaidi kuliko umaarufu wake. Mhitimu wa uhandisi mitambo anaweza kuingia kwenye gesi, sukari, saruji au reli, na akitaka kubobea, shahada ya pili ipo. Aliyeanza na programu finyu hupata shida kutoka nje ya jina lililoandikwa kwenye cheti chake. Anayeyajua hayo na bado akaipenda fani finyu, aende nayo. Mapenzi ya kazi nayo ni hoja.

Na kabla dirisha la uhamisho halijafungwa, mwanafunzi aombe maswali ya usanifu wanayopewa wanafunzi wa mwaka wa tatu katika programu anazozifikiria, asome pia ripoti zao za mafunzo kwa vitendo. Hatayaelewa yote. Aangalie tu ni maswali yapi anayarudia tena bila kuambiwa na mtu.