Nyalenda: Mlalamishi Asiyefika Kituoni

Kesi nyingi za polisi huanza na mlalamishi. Ameibiwa au amepigwa, anafika kituoni, anaandikisha ripoti kwenye kitabu cha matukio (OB), ndipo askari wanatoka. Ulanguzi wa binadamu hauna mlalamishi wa namna hiyo, na mtu wa Nyalenda anajua kwa nini.

Mtaa huu uko kati ya mji wa Kisumu na ufuo wa Dunga. Riziki yake ni ya kutwa: mjengo, boda boda, kukaanga samaki, kufulia watu nguo Milimani. Anayeleta habari za kazi Nairobi au Saudi Arabia mara nyingi si mgeni. Ni shangazi, au mwenzao wa kanisani, au jirani aliyekwenda akarudi na simu nzuri. Msichana akinyang'anywa pasipoti huko, mamake amshtaki nani? Wifi yake? Nauli yenyewe ilikopwa kwake.

Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na ulanguzi wa watu ni kali: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Tena haijali kwamba msichana alikubali, ikiwa alidanganywa. Akiwa mtoto, hata udanganyifu hauhitaji kuthibitishwa. Lakini ukali huo haufai kitu iwapo mpelelezi anasubiri mtu abishe hodi.

Mpelelezi asiyesubiri huanza na nyayo. Nambari moja ya simu inapokea "ada ya usajili" kutoka familia kadhaa, kisha inalipa tiketi za basi usiku huohuo. Kwa amri ya mahakama, rekodi za M-Pesa husema yale ambayo shangazi hatasema. Jina la ajenti hulinganishwa na orodha ya mawakala wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Nyumba wanakolazwa wasichana kabla ya safari hutazamwa kwanza, haivamiwi. Ukivamia mapema unamkamata dereva na mkubwa wake anabadilisha laini.

Faida kubwa ya upelelezi wa namna hii iko mahakamani. Kesi iliyoegemea shahidi mmoja hufa wazee wakikaa, mbuzi akachinjwa na familia zikaelewana. Rekodi ya malipo haiitwi kwenye kikao cha wazee.

Kuna jambo la kuudhi: habari tayari zipo mtaani. Mwalimu anaona dawati tupu, mhudumu wa afya ya jamii anajua nyumba iliyojaa wasichana wageni, mzee wa Nyumba Kumi anajua wanalala wangapi. Ila polisi akiingia Nyalenda, wengi hudhani ni msako wa chang'aa, na midomo hufungwa. Isitoshe, Nyalenda A iko Kisumu Mashariki na Nyalenda B iko Kisumu ya Kati, hivyo malalamiko mawili dhidi ya ajenti mmoja yanaweza kulala katika ofisi mbili zisizosemezana.

Nambari 116 ya watoto hupigwa bila malipo na imewasaidia wengi. Hata hivyo, nayo husubiri mtu apige.

Sheria hiyohiyo ya 2010 inaruhusu mahakama kutwaa mali ya mlanguzi na kuamuru mwathiriwa alipwe. Pesa za mlanguzi zatakiwa kufuatwa kabla ya pingu, zikiwa bado kwenye akaunti, kwa sababu siku mbili baada ya ajenti kukamatwa, ploti itakuwa imeshaandikwa jina la binamu.