Gugu karoti: Ua dogo jeupe linalowasha watoto

Kwa mbali linapendeza. Majani yamechanika-chanika kama ya karoti, juu kuna vishada vya maua meupe madogo. Mtoto akitoka shule atachuma machache amletee mama.

Ni gugu karoti, mmea wa familia moja na alizeti. Asili yake ni maeneo ya joto ya Amerika. Hapa nchini lilibainika Arusha mwaka 2010, na hupenda kando ya barabara, malisho na viwanja visivyojengwa. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, nazo husafiri na tope la matairi, maji na nyasi za mifugo.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba madhara hayaji siku ya kwanza. Mwili huzoea kwanza kulitambua gugu, kisha siku moja hulikataa. Ndiyo maana mtoto aliyelishika mwaka jana bila shida, leo anaweza kuwashwa uso, kope, shingo na mikunjo ya viwiko. Wengi hudhani ni sabuni mpya au joto. Mzio ukishaingia, kuligusa kidogo tu kunatosha kuuamsha. Chavua yake nayo huleta chafya na mafua yasiyoisha, na kwa mwenye pumu huweza kuamsha shambulio.

Hapo ndipo usafi wa mazingira shuleni unapotia shaka. Kumpa mtoto wa darasa la tatu kazi ya kung'oa magugu kwa mikono mitupu, katika uwanja uliojaa gugu hili, si usafi.

Kazi hiyo ni ya mtu mzima asiye na pumu wala mzio, aliyevaa glavu, mikono mirefu na kitambaa puani. Ling'olewe na mizizi kabla ya kuchanua, na muda ni mfupi: huweza kutoa maua wiki nne tu tangu kuota. Nguo zifuliwe peke yake.

Mtoto aliyeligusa aoshwe kwa maji na sabuni. Uso ukivimba, au akipumua kwa shida na kifua kikitoa mluzi, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Wafugaji wana dalili yao nyingine. Mbuzi au ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Sufuria ikiwa safi na chai bado ina uchungu, aulizwe aliyechunga: jana alimfunga wapi?