Inawaka, lakini inaosha? Pima mashine ya kuosha vyombo kabla hujaiposti

Wauzaji wa vifaa vya ndani mtandaoni, hii ni yenu. Hasa nyie mnaouza mashine za kuosha vyombo za mtumba.

Wengi wetu tunapima kitu kimoja tu: tunachomeka kwenye umeme, taa zinawaka, tunapiga picha, tunaposti. Mteja anafika nayo nyumbani, mashine inaunguruma saa mbili, vyombo vinatoka na mafuta yake vilevile. Kesho asubuhi simu inaita: "Naomba hela yangu." Usafiri wa kwenda na kurudi ni wako, na komenti mbaya inabaki kwenye ukurasa.

Mara nyingi shida ni kwamba maji hayazunguki kwa nguvu ndani. Habari njema ni kwamba sababu nyingi hazihitaji pampu mpya. Anza na za bure, malizia na za gharama.

Maji yanatembeaje?

Mashine haijai maji kama ndoo. Inaingiza lita chache tu, kwa kawaida kama 3 hadi 5, zinakaa chini kabisa. Pampu inayavuta kupitia chujio na kuyasukuma kwenye mikono yenye matundu, wa chini na wa juu. Nguvu ya maji yanayotoka ndiyo inayozungusha mikono. Yakidondoka yanachujwa, yanarushwa tena. Ipo pampu nyingine ya kumwaga maji machafu. Usizichanganye.

Jaribio la dakika chache

Elekeza mikono yote mlangoni. Weka glasi tupu imesimama wima kwenye kila rafu, kisha washa programu fupi. Ikishaanza kurusha maji, ipe kama dakika 5, halafu fungua mlango taratibu (jihadhari na mvuke). Mikono imehama? Glasi zina maji? Rudia mara mbili, maana mkono unaweza kusimama palepale kwa bahati, na mashine nyingine hurusha kwa zamu, chini kisha juu.

Glasi ya juu ikiwa kavu na ya chini ina maji, shida iko kwenye njia ya juu. Zote zikiwa kavu, fuata hatua hizi.

1. Maji yameingia ya kutosha?
Mlango ukiwa wazi, tazama chini. Maji yanatakiwa yafike karibu na usawa wa chujio. Yakiwa machache, pampu inavuta hewa, utasikia inakoroma kwa kukatakata. Angalia kama mpira wa maji umejikunja, na kama kichujio kidogo mpira unapofungwa kimejaa mchanga. Funga koki kwanza.

Hapa tenki la nyumbani linahusika. Mashine nyingi zinataka presha ya kuanzia kama bar 0.5. Kila mita 10 za kimo zinatoa bar 1, kwa hiyo tenki lililo mita 3 juu ya koki linatoa bar 0.3 tu. Pima kwa ndoo ya lita 10: ikijaa ndani ya dakika moja, uko vizuri. Isipojaa, mteja atahitaji pampu ya kuongeza presha. Mwambie kabla hajalipa.

2. Kuna povu?
Mtu akiweka sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono, povu linajaa, pampu inavuta hewa badala ya maji. Mwaga, suuza mpaka povu liishe, tumia sabuni ya mashine.

3. Chujio
Lizungushe, litoe, lisugue kwa brashi na maji ya moto. Mafuta yaliyoganda hapa huziba njia ya pampu. Ukirudisha, lifunge mpaka likaze, la sivyo mabaki yatapita na kuziba matundu ya mikono.

4. Mikono
Itoe, itikise. Ukisikia kitu kinacheza ndani, ni mbegu, kipande cha kioo au karatasi ya chupa. Zibua kila tundu kwa kijiti cha meno. Matundu yakiwa na ukoko mweupe, ni chokaa ya maji magumu. Loweka kwenye siki, kisha suuza. Ukirudisha, zungusha kwa mkono: isiguse sahani, na rafu ya juu ikae sawa na mdomo wa bomba lake.

5. Pampu yenyewe
Hayo yote yakiwa sawa na bado maji ni dhaifu, sikiliza. Inanguruma bila kurusha? Huenda kuna kitu kimekwama kwenye mapanga yake, au imechoka. Hapo chomoa umeme, mwite fundi. Usiingize mkono chini ya chujio bila kuchomoa, vioo vilivyovunjika hujificha hapo.

Faida yako iko wapi?

Ukienda kununua mzigo, mashine inayosemwa "imekufa pampu" inaweza kuwa na chujio chafu tu. Ukiruhusiwa kuipima, unajua bei ya kuomba. Ukishindwa kuipima, hesabu kama vile pampu ni mbovu kweli.

Ukiuza, rekodi video fupi ya glasi zikitoka na maji, kisha andika hivi:

"Mashine ya kuosha vyombo, mtumba. Imejaribiwa kwa maji, mikono yote miwili inazunguka, chujio safi. Inahitaji koki inayojaza ndoo ya lita 10 kwa dakika moja. Njoo uione ikifanya kazi."

Tangazo kama hilo linapunguza maswali ya inboksi, na mwenye tenki fupi anajijua mapema. Bora ukose mteja mmoja leo kuliko kumrudishia hela wiki ijayo.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza vifaa vya jikoni. Una mashine inayokusumbua? Andika dalili zake kwenye komenti.