Albamu ya kumbukumbu kwa anayeanza: maneno, vifaa na sayansi ya kuzuia picha zisife

Nyumba nyingi za Nguvumali zina ule mfuko. Ni mfuko wa nailoni au bahasha ya kaki, uko juu ya kabati au ndani ya begi chini ya kitanda, umejaa picha: harusi ya mama, babu kavaa kanzu na koti kasimama mbele ya pazia la studio, mjomba siku aliyomaliza darasa la saba. Nyingi zilipigwa kwa filamu. Zipo studio zilizotunza filamu zao, kama Capital Art Studio ya Unguja iliyoanzishwa mwaka 1930, lakini kwa familia nyingi filamu haipo tena. Maana yake ile picha unayoishika ndiyo nakala pekee duniani. Ikiharibika, ndo imekwenda.

Sasa tuseme umeamua kuzitoa mfukoni na kuzipanga kwenye albamu ya kumbukumbu, ile wengine wanaiita skrapubuku. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba mafunzo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi na hewa kavu. Sisi tuko kilomita chache tu kutoka baharini, na hewa ya Tanga ina tabia zake. Kwa hiyo makala hii inaeleza maneno, vifaa na mbinu za kuanzia, na kila kitu kinasimama juu ya kanuni moja: usiifanyie picha jambo ambalo huwezi kulitengua.

Maneno utakayokutana nayo

*Mpangilio* ni namna picha, maandishi na mapambo yanavyokaa kwenye ukurasa. Huko ughaibuni ukurasa wa kawaida ni mraba wa inchi 12, yaani kama sentimita 30 kila upande. Kwetu A4 (sentimita 21 kwa 29.7) ni rahisi kupata na inatosha.

*Fremu ya karatasi* ni karatasi ya rangi kubwa kidogo kuliko picha, inayokaa nyuma yake ili picha ionekane vizuri.

*Kupunguza* ni kukata kingo za picha ili ibaki sehemu unayoitaka.

*Maelezo* ni maandishi ya ukurasa: nani, wapi, lini, kulikuwa na nini.

*Vipambo* ni vitu vya ziada: kipande cha kanga, tiketi ya basi, kadi ya mwaliko, ua lililokaushwa.

*Isiyo na asidi* ndilo neno utakaloliona kwenye bidhaa za bei kubwa. Hili tulieleze kwa kirefu, maana hapa ndipo sayansi inapoanza.

Adui wa kwanza: asidi

Karatasi imetengenezwa kwa selulosi, ambayo ni minyororo mirefu ya molekuli za sukari zilizoshikana. Asidi ikiwepo pamoja na unyevu, minyororo hiyo inakatika kidogo kidogo. Mnyororo ukiwa mfupi, karatasi inakuwa dhaifu, ukiikunja inavunjika kama kaukau.

Karatasi ya gazeti ina shida ya ziada. Imetengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, yaani ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa inageuka manjano, na ikichakaa inatoa asidi zinazohamia kwenye kitu kilicho jirani. Ndiyo maana picha iliyokaa miaka kwenye gazeti huweza kutoka na doa la kahawia.

Karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi zimechanganywa na kalsiamu kaboneti, ambayo ni jamii ya chokaa. Chokaa hiyo inapunguza makali ya asidi inapojitokeza. Kumbe rimu ya kawaida ya A4 mara nyingi inaifaa picha kuliko karatasi ya urembo ya bei mbaya.

Jaribu mwenyewe. Kata ukanda wa gazeti, wa A4 na wa manila unayotaka kutumia. Ulaze yote dirishani, nusu ya kila ukanda ikiwa imefunikwa na kitabu. Baada ya wiki mbili linganisha upande uliofunikwa na ulioachwa wazi. Gazeti litakuwa limeshakuwa manjano. Manila ikibadilika rangi, usiilaze picha juu yake moja kwa moja. Weka A4 katikati. Jaribio hili halipimi asidi yenyewe, ila linakamata lignini na rangi zinazopauka, na hao ndio wakorofi wakubwa.

Adui wa pili: unyevu

Uso wa picha ya filamu si karatasi tupu. Ni tabaka la jelatini, ile ile ya kwenye peremende laini, na ndani yake ndimo ilimo taswira. Jelatini inakunywa unyevu, inavimba na kunata. Pia ni chakula kitamu kwa ukungu na kwa vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyoteleza kwenye vitabu.

Watunza kumbukumbu hupendekeza unyevu wa hewa uwe kama asilimia 30 hadi 50. Ukipita 65 hivi, ukungu unaanza kupata nafasi. Pwani yetu hupita hapo mara kwa mara, hasa masika.

Halafu kuna mtego wa usiku. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba takribani gramu 30 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 25 inaweza kubeba 23 tu. Tuseme mchana hewa ina gramu 21: hiyo ni asilimia 70. Usiku, gramu zilezile 21 zinakuwa zaidi ya asilimia 90! Hakuna tone lililoongezwa, hewa imepoa tu. Sasa fikiria hewa hiyo umeifungia ndani ya mfuko wa nailoni au sanduku la bati pamoja na picha.

Kwa hiyo usizibe. Weka albamu kwenye rafu ya juu, mbali na sakafu, mbali na ukuta wa nje, sehemu inayopata hewa. Vile vipakiti vidogo vya silika vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia kwenye boksi dogo, ila vikishiba havifanyi kazi mpaka vikaushwe. Mchele usiweke, utawaita wadudu tu.

Vifaa vya kuanzia

Huhitaji duka la ughaibuni. Nenda stationari yoyote mjini ununue:

- rimu ya A4 nyeupe na manila chache za kurasa ngumu;
- mkasi mkali, rula ya chuma na kisu cha kukatia karatasi;
- penseli laini, 2B inafaa;
- gundi ya fimbo kwa ajili ya karatasi, si kwa picha;
- mpini wa kijiko, unaokandamiza mikunjo vizuri kabisa.

Vya kuacha: selotepu, kwa sababu gundi yake inakuwa ya manjano na kupenya kwenye karatasi; supagluu; na mifuko ya PVC. PVC ikizeeka inaweza kuachia asidi ya haidrokloriki. Utaitambua kwa harufu kali ya plastiki mpya, au namba 3 ndani ya pembetatu. Chagua namba 2, 4 au 5, yaani polithini na polipropilini.

Na lamineshini? Hapa tutagombana na watu wengi. Kulamineti ni kuyeyusha plastiki kwa joto na kuibandika moja kwa moja kwenye picha. Haitoki tena, na ukingo ukiachia maji huingia bila njia ya kutoka. Lamineti nakala kadiri upendavyo. Picha yenyewe iache.

Mbinu nne zinazotosha

*Ya kwanza: piga nakala kabla ya yote.* Skana kwa dpi 600. Picha ya inchi 4 kwa 6 itakupa pikseli 2400 kwa 3600, inatosha kuchapisha hata kubwa. Huna skana? Ilaze picha karibu na dirisha, zima flashi, shika simu sambamba nayo.

*Ya pili: kata nakala, si picha.* Kuunganisha vipande vya picha si jambo geni pwani. Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio Lamu karne iliyopita, alijulikana kwa kazi za namna hiyo. Nawe unaweza, lakini kwa nakala. Kile unachoona hakina maana, kama gari lililosimama pembeni au bango la duka, huenda ndicho kitakachomwonyesha mjukuu mwaka na mtaa.

*Ya tatu: pembe za picha.* Hizi zinaishikilia picha bila gundi kuigusa. Kata ukanda wa A4 wa sentimita 6 kwa 1.5. Tafuta katikati ya ukingo wa juu, kisha kunja mkono wa kushoto na wa kulia kwenda chini mpaka vikutane, kama unavyoanza kukunja ndege ya karatasi. Utapata pembetatu yenye miguu miwili. Chomeka kona ya picha katikati ya tabaka la mbele na mikunjo ya nyuma. Paka gundi nyuma tu, bandika kwenye ukurasa. Tengeneza nne. Siku ukitaka kuitoa picha, inatoka nzima.

*Ya nne: vipambo vikae mbali na uso wa picha.* Kanga mpya huachia rangi, kwa hiyo ifue kwanza, kisha ifute kwa kitambaa cheupe kilicholowa uone kama bado inatoa. Asumini likaushe ndani ya kitabu kizito wiki mbili au tatu, kisha litie kwenye kibahasha chake. Kamba ya katani, fahari ya Tanga, ni nzuri kwa kufungia jalada kwa nje; ndani itakwaruza, na lignini nayo inayo.

Kama picha tayari zimenata

Zile albamu za zamani zenye kurasa za gundi na plastiki juu ni balaa. Usivute kwa nguvu. Pitisha uzi wa meno nyuma ya picha, taratibu kama unakata sabuni kwa uzi. Ikigoma, iache na uipige picha ikiwa hapo hapo.

Zikilowa kwa mvua, usizibandue zikiwa zimeshikana nusu kavu. Picha za filamu zitie kwenye maji safi ya baridi kwa muda mfupi, zitenganishe, uzilaze kivulini uso ukiwa juu. Fanya hivyo ndani ya siku mbili kabla ukungu haujaanza. Zilizochapishwa kwa printa ya wino usiziloweshe, rangi itakimbia.

Anza na maelezo

Gundi na karatasi zinaweza kungoja wiki ijayo. Majina hayangoji. Picha ya watu watano wasiojulikana, hata ikiwa safi namna gani, ni yatima. Chukua picha kumi, kaa na bibi au babu, na uulize: huyu nani, hapa wapi, siku hiyo kulikuwa na nini? Andika kwa penseli kwenye ukurasa, chini ya picha. Usitumie kalamu ya wino nyuma yake, maana inakandamiza uso na wino unapenya. Kama bibi anasema "huyu kama Mwanahamisi, sina uhakika", andika hivyo hivyo, pamoja na jina la aliyesema na tarehe. Picha inaweza kupigwa nakala wakati wowote ikiwa bado ipo. Anayewajua waliomo, hana nakala.