Mamba Mnyororoni: Picha kwenye Sarafu za Shaba za Roma

Katika Dola ya Roma, sarafu za dhahabu zilikuwa mali ya matajiri na zile za fedha zilitumika kuwalipa askari, lakini iliyopita mikononi mwa mnunuzi wa mkate na mchukuzi wa mizigo ilikuwa ya shaba, na ndiyo iliyofikisha kauli ya watawala kwa mtu wa kawaida, hata asiyejua kusoma.

Sarafu kubwa ya karne ya 3 KK, iliyoitwa *as*, ilisubiwa katika kalibu kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Upande mmoja ulikuwa na Janus, mungu wa milango mwenye nyuso mbili, na wa pili ulikuwa na omo ya meli. Picha hizo zilikita mizizi kiasi kwamba mwandishi Macrobius, karne nyingi baadaye, aliandika kuwa watoto waliorusha sarafu juu bado walipaza sauti wakisema "vichwa au meli".

Kaisari Augustus alipoishinda Misri mwaka 30 KK, ushindi huo ulichorwa kwenye sarafu za mji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa ya leo: mamba wa Mto Nile amefungwa kwa mnyororo kwenye mtende, na upande wa pili kuna vichwa vya Augustus na jemadari wake Agrippa vilivyopeana visogo. Nyingi zimepatikana zikiwa zimekatwa katikati ya vichwa hivyo, kwa kuwa watu walihitaji chenji ndogo, na mamba naye akagawanywa vipande viwili.

Picha nzito kuliko zote ni ya Kaisari Vespasianus, iliyotolewa mwaka 71 BK baada ya Yerusalemu, mji mkuu wa Wayahudi, kubomolewa na Waroma. Iligongwa kwa nyundo kwenye *sestertius*, sarafu pana ya shaba na zinki yenye uzito wa gramu 25 hivi, ikimwonyesha mwanamke aliyeketi chini ya mtende, ameinamisha kichwa mkononi, pamoja na maneno ya Kilatini yenye maana ya "Yudea imetekwa". Mchongaji alitumwa kusifu ushindi, lakini mgongo ule uliopinda unaonyesha huzuni ya kweli. Jamii ya Wayahudi ilikuwapo mjini Roma tangu kabla ya Augustus, nao pia walinunua mkate kwa sarafu hiyo hiyo.