Soketi Ikigeuka Rangi ya Chai

Kukaa Bwejuu hatua chache kutoka baharini ni raha, lakini chumvi nayo ni mpangaji. Inaingia mpaka ndani ya soketi, vyuma vinaota kutu, plagi inaanza kucheza. Plagi ikicheza, umeme unapita kwa shida, joto linapanda, plastiki inageuka rangi ya chai. Na paa la makuti halingojei cheche mbili.

Soketi yetu ya friji ilifika huko. "Nabadilisha mwenyewe," mume wangu akasema, bisibisi mkononi.

"Swichi kuu umezima, bwana?"

Akasema kuzima kitufe cha soketi kunatosha. Hakutoshi, jamani! Kitufe kinakata umeme unaokwenda kwenye plagi tu. Nyuma, waya wa moto bado una volti 230. Tulinuniana mpaka magharibi.

Fundi alizima swichi kuu, akapima kwa tesita, ndipo akafungua. Ncha za waya zilikuwa nyeusi. Akazikata mpaka shaba ikang'aa, akakaza skrubu barabara. Nyumba za zamani waya mwekundu ni wa moto, mweusi nyutro, kijani ethi. Za siku hizi ni kahawia, buluu na kijani chenye njano. Shosti, waya wa moto ukifungwa penye ethi, ukishika mlango wa friji unarushwa.

Swichi ya taa, sawa, mzee ajifunze. Friji na heta ya maji, mwacheni fundi. Dukani nendeni na sumaku: skrubu ikinata ni chuma, itaota kutu.